Msichana Aliyejiona kwenye Pakiti ya Maziwa

*Riwaya ya Caroline B. Cooney ilitoka mwaka 1990 kwa ajili ya vijana. Swali linaloibeba, la nani anayetunza kumbukumbu za mtoto, linawahusu zaidi wazazi.*

Janie Johnson ana umri wa miaka 15, anaishi jimbo la Connecticut, Marekani, na kinachomkera zaidi maishani ni jina lake. Analiona la kawaida mno. Analiandika na kuliandika tena kwa tahajia za madaha, akitamani kuwa mtu mwingine, mtu wa kuvutia zaidi. Mchana, katika bwalo la shule, anashikwa na kiu. Maziwa hayamfai, mwili wake huyakataa, lakini anainyakua pakiti ya rafiki yake na kuyagugumia. Anapoishusha, jicho lake linakutana na picha iliyochapwa ubavuni: mtoto wa kike wa miaka 3, nywele zimebanwa pande mbili, amevaa gauni la madoadoa lenye kola nyeupe. Maelezo yanasema mtoto huyo aliibwa katika jengo la maduka huko New Jersey, miaka 12 iliyopita. Jina lake Jennie Spring.

Janie anaijua sura ile. Hata gauni analijua, na anakumbuka kola yake ilivyokuwa ikimwasha. Mtoto wa pichani ni yeye.

Hivyo ndivyo inavyoanza *The Face on the Milk Carton*, riwaya ya mwandishi Mmarekani Caroline B. Cooney iliyochapishwa mwaka 1990. Mwaka 1995 ilifanywa filamu ya televisheni, na mwandishi akaendelea kuifuatilia familia hiyo katika vitabu vingine hadi *Janie Face to Face* cha mwaka 2013. Katika miaka hiyohiyo ya 1990 iliingia pia kwenye orodha ya Chama cha Maktaba cha Marekani ya vitabu vilivyolalamikiwa mno, kwa kuwa wapo watu wazima waliotaka iondolewe shuleni na maktabani.

Ni rahisi kukiona kitabu hiki kuwa kisa cha kutisha cha mtoto aliyeibwa, kikasomwa usiku mmoja na kuwekwa kando. Nadhani kina uzito kuliko hivyo. Cooney ameshika jambo ambalo wataalamu wa kumbukumbu wanalichunguza kwa vipimo na majaribio, na ambalo mataifa yamelazimika kuliwekea sheria: miaka ya mwanzo ya maisha yetu hatuishiki sisi wenyewe. Wanatushikia wengine. Ni amana, na amana hudaiwa.

Taharuki isiyo na jambazi

Riwaya nyingi za taharuki zina mtu wa kuogopwa: muuaji gizani, gari linalofuata gari, simu zinazolia usiku. Hii haina. Janie anarudi nyumbani na kumkuta mama yake, Miranda, yuleyule wa jana. Baba yake, Frank, anatania kama kawaida. Chakula kipo mezani. Hofu yote inatokana na wema huo, kwa sababu kama picha ya kwenye pakiti inasema kweli, basi watu hawa wanaompenda ni wezi.

Kuanzia hapo kila kitu cha nyumbani kinageuka kuwa ushahidi. Kwa nini hakuna picha zake za uchanga? Kwa nini akiomba cheti cha kuzaliwa mama anazungushazungusha maneno? Huko darini kuna sanduku lenye vitu vya msichana aitwaye Hannah. Hannah ni nani, na mbona hatajwi kamwe? Ustadi wa Cooney ni kwamba kila dalili ina maelezo mawili, moja la kutuliza na jingine la kutisha, na Janie anang'ang'ania lile la kutuliza kwa nguvu zake zote. Tumezoea mpelelezi mwenye hamu ya kufika mwisho wa uchunguzi. Huyu anaomba ashindwe. Anaikunja pakiti na kuificha katika daftari lake la shule, akikaa nayo siku baada ya siku, hawezi kuitupa wala kuionesha. Kijana jirani, Reeve, ndiye anayepata kuijua siri.

Kinachofuata sitakieleza chote, lakini jambo moja halikwepeki. Wazazi wanapobanwa, wanatoa hadithi yao. Hannah alikuwa binti yao. Alichukuliwa na dhehebu lililomkata na familia, kisha siku moja akarudi nyumbani na mtoto mdogo mwenye nywele nyekundu, akawaambia ni wake. Hannah akaondoka tena. Wao wakabadili jina la ukoo, wakahama, wakajificha dhehebu lisije kumdai mtoto. Kwa hiyo Miranda na Frank, kwa wanavyojua wao, ni babu na bibi wa Janie waliojifanya wazazi. Hawakuiba. Walidanganya ili kulinda, na uongo wao ulijengwa juu ya uongo mwingine wasioujua, ule wa Hannah.

Hapa ndipo Cooney anapowapita waandishi wengi wa aina hii. Angeweza kuwafanya walezi kuwa wanafiki, msomaji akawachukia na mambo yakaisha. Amekataa. Upendo wa nyumba ile ni wa kweli, na wizi uliomfikisha Janie pale ni wa kweli. Huko New Jersey kuna familia ya Spring ambayo kwa miaka 12 imeishi na pengo. Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Janie amelelewa, tena vizuri. Lakini kitabu kinatusukuma kuuliza kama ulezi umekamilika pale mlezi anapomnyima mtoto habari zake mwenyewe.

Wasomaji wa Kiswahili wanaweza kuiweka riwaya hii kando ya *Siku Njema* ya marehemu Ken Walibora, iliyotoka mwaka 1996. Kijana Msanifu Kombo, anayejulikana kama Kongowea Mswahili, anatoka Tanga kwenda kumtafuta baba asiyemjua, safari inayomfikisha hadi Kitale, Kenya. Yeye anajua tangu mwanzo kwamba kuna kipande cha maisha yake kinachokosekana, na kukosekana huko kunampa miguu ya kutembea. Janie hakujua kwamba kuna kinachokosekana. Alikuwa na hadithi kamili kuhusu nafsi yake, ikaanguka mchana mmoja bwaloni.

Sura za watoto mezani asubuhi

Pakiti ile Cooney hakuitunga. Mei 25, 1979, mtoto wa miaka 6 aitwaye Etan Patz alitoka nyumbani kwao Manhattan, New York, kwenda kituo cha basi la shule. Ilikuwa mara ya kwanza kuruhusiwa kwenda peke yake, na hakufika. Mwaka 1982, huko Iowa, kijana wa miaka 12 aitwaye Johnny Gosch alitoweka alfajiri akigawa magazeti. Miaka miwili baadaye, Agosti 1984, mgawa magazeti mwingine, Eugene Martin wa miaka 13, alitoweka katika eneo hilohilo la Des Moines.

Mwaka huo wa 1984 kampuni ya maziwa ya Anderson Erickson ya Iowa ilianza kuchapa picha za vijana hao wawili kwenye pakiti zake. Chicago ikafuata, kisha California, na kuanzia mapema mwaka 1985 kampuni za maziwa kwa mamia zilijiunga nchi nzima. Mantiki yake ilieleweka kwa kila mtu: hakuna bango linaloingia nyumba nyingi kila asubuhi kama maziwa. Mwaka huohuo wa 1984 kilianzishwa pia kituo cha kitaifa cha kushughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, na Mei 25, siku aliyopotea Etan, ilikuwa imeshatangazwa na Rais Ronald Reagan kuwa siku ya kitaifa ya watoto waliopotea.

Waliopatikana kupitia pakiti walikuwa wachache. Wengi wa waliohesabiwa kupotea walikuwa vijana waliotoroka makwao au watoto waliochukuliwa na mzazi mmoja katika ugomvi wa ndoa; walioibwa na watu wasiowajua walikuwa sehemu ndogo sana. Daktari mashuhuri wa watoto, Benjamin Spock, alilalamika kwamba picha zile zinawatia hofu watoto wakiwa mezani. Mwishoni mwa muongo kampeni ikafifia. Mwaka 1996, baada ya Amber Hagerman wa miaka 9 kutekwa na kuuawa huko Arlington, Texas, ukazaliwa mfumo wa kutoa tahadhari za haraka kwa redio na televisheni, ambao leo unafika hadi kwenye simu za mkononi.

Lakini kampeni ile iliacha swali vichwani mwa watoto wa kizazi kizima. Mtoto akinywa maziwa huku akitazamana na sura ya mwenzake, ni lazima siku moja ajiulize: je, mimi ningejuaje? Cooney alilichukua swali hilo la mtoto na kulijibu kwa uzito unaostahili.

Kumbukumbu inakaa wapi?

Janie alichukuliwa akiwa na miaka 3, na umri huo una maana. Watu wazima wengi wakiulizwa kumbukumbu yao ya kwanza hutaja tukio la walipokuwa na miaka mitatu hadi minne. Kabla ya hapo pana giza, ambalo Sigmund Freud alilizungumzia zaidi ya karne moja iliyopita na ambalo wanasaikolojia huliita usahaulifu wa utotoni. Mwaka 2014 watafiti wa Toronto walionesha, kwa majaribio ya panya, sababu moja inayowezekana: katika ubongo mchanga seli mpya huzaliwa kwa kasi kubwa kwenye hipokampasi, sehemu inayotunza kumbukumbu, na ujenzi huo mpya huvuruga kilichohifadhiwa mwanzo. Kwa hiyo Janie amesimama kwenye ukingo wenyewe. Vipande vinavyomjia, kola inayowasha, jiko la nyumba nyingine, watoto wengine mezani, ni vya aina inayoweza kubaki kwa mtoto wa umri wake. Vipo, ila havina jina wala mahali.

Vipande hivyo vinahitaji mtu wa kuviunga. Utafiti wa Robyn Fivush wa Chuo Kikuu cha Emory, Marekani, umeonesha kwa miaka mingi kwamba mtoto hujifunza kukumbuka kwa kuzungumza na wazazi: mama anayeuliza, anayejazia, anayerudia mambo ya jana na juzi, humpa mtoto uwezo wa kuyashika maisha yake kama kisa chenye mwanzo na mwendelezo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2000 kuhusu watu wazima wa New Zealand unaongeza jambo zuri. Wamaori, watu wanaothamini sana masimulizi ya ukoo, walitaja kumbukumbu za tangu walipokuwa na umri wa wastani wa miezi 33 hivi. Wenzao wenye asili ya Ulaya walikuwa kwenye miezi 43 hivi. Tofauti ni miezi 10 hivi. Watafiti waliihusisha na utamaduni wa kusimuliana. Msomaji aliyekua akisikia siku baada ya siku alizaliwa wapi, nani alimbeba wa kwanza na jina lake limetoka kwa babu yupi, atalielewa hili bila kuelezwa zaidi.

Nguvu hiyohiyo inaweza kupotosha. Mwaka 1995 mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na mwenzake Jacqueline Pickrell walichapisha jaribio lililojulikana sana. Watu 24 walipewa visa vinne vya utotoni mwao vilivyotokana na ndugu zao. Vitatu vilikuwa vya kweli. Cha nne kilitungwa: kwamba wakiwa na umri wa karibu miaka 5 walipotea katika jengo la maduka, wakalia, wakaokolewa na mtu mzima. Takriban robo ya watu hao walikikubali kisa hicho, kikamilifu au nusunusu, na wapo walioongeza maelezo yao wenyewe. Kilichotumika ni neno la ndugu, nalo lilitosha.

Jengo la maduka, mtoto mdogo, ndugu anayesimulia: miaka mitano kabla ya jaribio hilo kuchapishwa, Cooney alikuwa ameviweka vyote hivyo kwenye riwaya yake, ila kwa mpangilio wa kinyume. Katika jaribio, familia inapandikiza upotevu ambao haukutokea. Katika riwaya, familia inafunika upotevu uliotokea. Pande zote mbili tunajifunza kwamba kauli ya wazazi kuhusu miaka yetu ya mwanzo huingia ndani yetu na kuwa sisi. Ndiyo maana Janie hawezi kuamua kama ana wazimu au ana haki. Chombo pekee cha kuupima ukweli ni kumbukumbu yake, na kumbukumbu hiyo imelelewa na watu anaowatilia shaka.

Yaliyotokea Harlem na Buenos Aires

Anayedhani kisa cha Janie ni cha vitabuni tu asikilize hiki. Agosti 1987, mtoto wa kike mwenye siku 19 aliibwa katika Hospitali ya Harlem, New York. Aliyemchukua alimpa jina jingine akamlea, na mtoto akakulia Bridgeport, mji wa jimbo lilelile la Connecticut alimowekwa Janie. Riwaya ilipotoka mwaka 1990, mtoto huyo halisi alikuwa akifikisha miaka 3. Alipofika umri wa kuhitaji cheti cha kuzaliwa, hakikupatikana. Alipobana, aliambiwa kwamba mama yake mzazi alimtelekeza. Hakuridhika. Akaingia kwenye tovuti ya kituo cha watoto waliopotea, akapitia picha za watoto wachanga, akaona moja inayofanana naye. Januari 2011 vipimo vya vinasaba vikathibitisha. Alikuwa na miaka 23, na ndiye aliyejitafuta mwenyewe mpaka akajipata. Mwanamke aliyemwiba alihukumiwa kifungo cha miaka 12 mwaka 2012.

Huko Argentina siri kama hiyo iliendeshwa na dola. Kati ya mwaka 1976 na 1983, utawala wa kijeshi uliteka na kuua maelfu ya wapinzani. Wanawake waliotekwa wakiwa wajawazito walijifungulia kizuizini, kisha wakauawa, na watoto wao wakagawiwa familia nyingine, zikiwemo za wanajeshi. Bibi zao walikataa kunyamaza. Mwaka 1977 walianzisha umoja wa Abuelas de Plaza de Mayo, na wanakadiria kwamba watoto walioibwa ni karibu 500. Tatizo lao lilikuwa zito: wazazi wameuawa, sasa undugu utathibitishwaje? Mwanajenetiki Mmarekani Mary-Claire King aliwasaidia kwa njia za kulinganisha damu ya mjukuu na ya bibi moja kwa moja, na mwaka 1987 Argentina ikaanzisha benki ya taifa ya taarifa za vinasaba. Hadi sasa zaidi ya wajukuu 130 wametambuliwa. Mmoja wao ni mjukuu wa Estela de Carlotto, kiongozi wa akina bibi hao. Alikuwa mwanamuziki wa miaka 36 alipojitokeza mwaka 2014 kwa hiari yake, kwa kuwa alikuwa na mashaka kuhusu asili yake.

Kilio cha akina bibi hao kilifika Umoja wa Mataifa. Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa Novemba 20, 1989 una kifungu cha 8, kilichopendekezwa na Argentina, kinachomhakikishia mtoto haki ya kuhifadhi utambulisho wake: uraia wake, jina lake na uhusiano wake na familia. Karibu kila nchi duniani imeuridhia. Marekani, nchi ya Janie, bado. Tanzania imeliweka jambo hilo wazi katika Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ambayo kifungu chake cha 6 kinampa mtoto haki ya jina, uraia, na kuwajua wazazi wake wa kumzaa pamoja na ukoo wake.

Deni la walezi

Sheria inasema haki, lakini haki hiyo hutimizwa sebuleni. Familia zetu zinalea watoto wengi ambao hawakuzaliwa humo: yatima wa ndugu, watoto wa binti aliyejifungua akiwa shuleni wakamwita bibi yao mama, watoto wa kuasili, watoto wa baba asiyetajwa. Mara nyingi wakubwa huamua kunyamaza kwa nia njema. Wanasema mtoto ataumia, au atajiona hapendwi, au ataambiwa akikua. Miranda na Frank walisema hivyohivyo. Siku ilipofika, kilichomvunja Janie zaidi ni kugundua kwamba waliomjua kuliko mtu yeyote walikuwa wakimwangalia akiishi ndani ya hadithi isiyo yake, na wakanyamaza.

Mtoto anaweza kuubeba ukweli mgumu akipewa mapema, kwa vipande vinavyolingana na umri wake, na mtu anayempenda. Anayeambiwa akiwa na miaka 4 kwamba alizaliwa na mama mwingine hukua nalo likiwa sehemu ya maisha yake. Anayeligundua akiwa na miaka 15, kwenye karatasi iliyosahaulika sandukuni au kwa mdomo wa jirani mwenye hasira, hulazimika kuanza kuyatafsiri upya maisha yake yote, na kila kumbukumbu tamu inaingia shaka. Kwa hiyo mlezi atunze cheti, atunze picha hata kama ni moja iliyochakaa, ayatunze majina ya waliomzaa mtoto na kijiji walikotoka. Hata yale yanayoaibisha familia ni mali ya mtoto.

Riwaya ya Cooney inafaa kijana wa miaka 12 na kuendelea anayesoma Kiingereza, na ningefurahi kuona mchapaji wetu mmoja akiitafsiri. Mzazi akimpa mwanawe kitabu hiki, ajiandae. Kijana atakimaliza upesi, kisha atakuja na maswali: nilizaliwa wapi, nani alinipa jina hili, mbona sijawahi kuwaona ndugu wa upande ule? Asiambiwe angoje akue. Akiuliza, tayari ameshakua vya kutosha kupewa kilicho chake.